Mpiga Mizinga wa Mabwana Sita

Ijumaa ile nyumba yetu ya Hail ilifurika watu mpaka viatu vikakosa pa kukaa mlangoni. Zilibaki siku sita kabla ya milka, siku ya kufungwa ndoa yangu na Harub, na shangazi zangu walikuwa wamehamia kwetu tangu Jumatano kana kwamba kwao kumeungua. Hawa ni watu wa Tabora ya zamani. Miaka ishirini na mitano ya Maskati haijawapunguza sauti hata kidogo. Mmoja akicheka, jirani wa nyumba ya tatu anatoka nje kuuliza kuna nini.

Mimi nilikaa chini katikati yao, mikono yote miwili si yangu. Wa kulia alikuwa nao Shangazi Sayyida, anapima bangili. Wa kushoto kaushika jirani, anajaribu rangi ya hina. Mama yuko jikoni anagombana na wali. Kiyoyozi kinanguruma, sambusa zinazunguka, na habari za watu zinapita juu ya kichwa changu: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kaonekana Ghubra ndani ya gari jipya ambalo si la mumewe.

Nilikuwa na furaha. Nalisema mapema, kwa sababu baada ya hapo sikuwa nayo tena.

Bi Bakhita, mama yake Harub, aliingia bila hodi. Huyu ni mwanamke wa Unguja aliyefundwa akafundika; hajapata kuingia nyumba ya mtu bila kusalimu mara tatu na kukataa chai mara mbili. Siku ile alisimama katikati ya zulia, abaya hajaivua, jasho linamtoka puani, na mkononi kashika daftari la jalada la kijani. Mama alitoka jikoni akamtolea salamu. Salamu ikabaki hewani.

"Hiki kitabu chako?" akaniuliza.

Nikalitazama. Lilikuwa daftari langu la kazini. Nilimpa Nouf, dada yake Harub, ambaye tunafanya naye kazi ofisi moja Al Khuwair, alichukue kwao akanipigie chapa kwenye kompyuta.

"Changu, Bi Bakhita."

"Na mkono huu wako?"

"Wangu."

"Alhamdulillahi, umekiri mwenyewe." Akawageukia shangazi zangu. "Mimi herufi hizi za kizungu sizijui, nnasoma Msahafu tu. Lakini jirani yangu anazijua. Nlimwomba anisomee, nikidhani ni mapishi. Kanisomea neno kwa neno mpaka chai ikanipoa mkononi. Sasa sikilizeni mambo ya binti yenu."

Akafumba macho, akayatoa kwa kichwa kama mtu anayesoma sura aliyohifadhi utotoni.

"Mimi ni mpiga mizinga. Nimetumikia hapa Maskati miaka sita, na kula yangu ilikuwa njema. Leo nimeweka alama yangu kwenye karatasi ya bwana wa ng'ambo. Naondoka Jumamosi. Mke wangu nimemwacha nyumbani, anakanda mkate. Sijamwambia."

Akafumbua macho.

"Katika mji huu, mpiga mizinga nliyemzaa mimi ni mmoja. Na mwanangu hajui kupanga maneno. Barua zake kutoka kambini zilikuwa mistari mitatu: ni mzima, nimekula, nitumieni achari. Haya ni maneno ya msomi. Umemwandikia wewe, Ghadeer. Umemtungia maombi ya kazi ng'ambo, ili umtoe mwanangu kwangu kabla hata nyumba hamjaingia. Nlisema toka mwanzo, watu wa bara hawa. Nlisema, nikanyamazishwa."

Nilijaribu kujizuia. Wallahi nilijaribu. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha nikaangua kicheko, na hina ikanitapakaa mpaka kwenye kiwiko.

"Bi Bakhita," nikasema nilipopata pumzi, "huyo mtu kafa. Kafa miaka mia tatu na zaidi."

"Nani kafa?"

"Mpiga mizinga. Ni Mjarumani, anaitwa Wilm Osterkamp. Aliandika habari za maisha yake, na ofisi imenipa tafsiri yake ya Kiingereza niitie kwenye Kiarabu. Mimi siwezi kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu moja kwa moja, kichwa kinagoma. Lazima nipitie Kiswahili kwanza. Hayo uliyosomewa ni rasimu yangu."

Kila mtu wa nyumba zetu anajua jambo hilo. Tunaota kwa Kiswahili, tunaapa kwa Kiarabu, na kazini tunaandika kwa Kiingereza. Shangazi zangu wakapiga makofi, wakacheka, na Bi Bakhita akabaki ameduwaa, daftari kaliweka kifuani.

"Astaghfirullah," akasema pole pole. "Na mimi nimekuja na teksi kutoka Ghubra, njia nzima namwambia dereva."

"Kaa, bibi, kaa," Shangazi Sayyida akamvuta. "Tena tumalizie hiyo habari. Huyo Wilimu kwao alikuwa hana watu?"

Basi nikawasimulia, na kila nikisimulia hasira zangu za miezi minne zikanipanda upya. Kijana wa miaka kumi na saba anatoka kwao, mji wa baridi, anaingia jeshi la mfalme wa Sweden. Anatekwa na Wapolandi vitani. Baada ya wiki mbili anawatumikia Wapolandi. Anawachoka, anapanda merikebu ya Waholanzi hadi Bahari ya Hindi. Anawatoroka Waholanzi, anakwenda kwa Wareno, wanamleta Maskati kwenye ngome, kumpiga mizinga Imamu, mtawala wa huku. Imamu anaingia mji, ngome inaanguka.

"Na yeye?" Mama akauliza, mwiko mkononi.

"Wiki ileile anaipiga mizinga ya Imamu. Kabadili kanzu tu."

"Huyo ni mtu au kinyonga?" akauliza jirani.

"Anaoa hapahapa. Anakaa miaka sita. Kisha Shah wa Uajemi anamwita, na ndiyo hiyo karatasi aliyoitia alama. Bwana wa sita."

"Na yule mke?" Bi Bakhita akauliza. Sasa alikuwa ameketi, abaya kaivua, sambusa mkononi, na uso umempendeza kwa ghadhabu mpya isiyonihusu. "Anakanda mkate, mume anafungasha?"

"Hakumwambia neno."

"Mwana kharamu," akasema mama mkwe wangu mtarajiwa, na kwa mara ya kwanza tangu niposwe akanishika goti kama mtu wake. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nlidhani Harub. Harub wangu hawezi kitu kama hicho."

Hapo ndipo tuliposikia gari likifunga breki nje.

Hodi ilikuja na mtu wake pamoja. Wanawake wakavuta mitandio vichwani ovyo ovyo, na Harub akasimama mlangoni, kofia mkononi, anahema. Ni mrefu, mlango wetu unamtosha kwa shida. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na mizinga, kwa hiyo huingia chumbani kwa bega la kulia mbele, kichwa kimeinama kidogo, kama anayeomba ruhusa. Miezi minane mizima lile bega likiingia mahali, moyo wangu ulikuwa unasimama kumpisha.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake.

"Nouf kanipigia," akasema. "Kaniambia umempigia kelele za karatasi ya ng'ambo, umekuja huku kwa hasira."

Bi Bakhita alikuwa na sambusa mdomoni. Akainua mkono ili ameze kwanza, amwambie mwanawe ule upuuzi, tucheke wote. Harub hakumngoja.

"Nisamehe, Mama. Nisameheni nyote. Nilitaka niseme baada ya Alhamisi, watu wakishaondoka. Nimetia saini mwezi uliopita, jeshi la nchi jirani, upande wa pili wa mpaka wa Buraimi, kikosi cha mizinga. Naripoti Jumamosi."

Nasema kweli, Shangazi Sayyida bado alikuwa na kicheko mdomoni. Alikuwa amekifungulia mlango, hakikutoka.

Bi Bakhita akameza. "Jumamosi ipi?"

"Ya baada ya milka."

"Siku mbili?"

"Siku mbili, Mama."

Akalitazama daftari pajani mwake, akanitazama mimi, akalitazama tena. Mimi nilishasimama. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka bangili tatu ambazo hazijalipwa na hazijawa zangu zikigongana mkononi, na hina inanitiririka, na miguu ikinipeleka mlangoni kwake.

"Nje," nikamwambia.

---

Nje kwetu ni ule uwanja wa nyuma ya jikoni: mitungi ya gesi, tangi la maji, kamba za nguo. Jua la saa saba la Maskati lilikuwa linapiga ukuta na ukuta unaturudishia. Nilijua dirisha la jikoni limeshajaa vichwa. Sikujali. Kwetu mtu hagombani peke yake.

"Mwezi mzima," nikasema. "Mwezi mzima unanitazama machoni."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Mara tatu."

"Nitajie moja."

"Siku ile kwetu Ghubra, Nouf alipokwenda kuleta juisi. Nilifungua mdomo, Ghadeer. Ukaanza habari za mzungu wako. Ulikuwa umefika pale anapowatoroka Waholanzi. Ukasema mtu kama huyu alistahili kufungwa jiwe shingoni. Nikafunga mdomo."

"Na ya pili?"

"Kwenye gari. Ukasema mwanamume anayeuza mkono wake kwa kila bwana hana tofauti na..." Akatupia jicho dirishani. "Silirudii ulilosema. Shangazi zako wapo."

"Litaje tu, baba," ikaja sauti ya Shangazi Sayyida. "Sote watu wazima hapa."

"Ya tatu nilikupigia simu kabisa. Ukapokea unalia. Nikauliza kuna nini, ukaniambia Wilm kamwacha mkewe. Ulimlilia mwanamke aliyekufa miaka mia tatu, na mimi karatasi yangu ninayo mfukoni. Ningesemaje? Kila nikitaka kusema, unamtukana mtu ambaye ni mimi."

"Kwa hiyo kosa langu."

"Sikusema kosa lako."

"Umesema. Umesema kwa heshima, lakini umesema. Nimemchukia mwongo, basi umeona bora unidanganye."

Akageuza kichwa kuniletea sikio zima, kama afanyavyo akitaka kusikia vizuri, na kitendo kile kidogo, ambacho nilikipenda kuliko bangili zote za dunia, kikaniongezea moto.

"Sikudanganya," akasema. "Nilinyamaza."

"Naye alinyamaza. Alimwacha anakanda mkate."

"Mimi si yule mtu." Sasa na yeye sauti ilipanda. "Mimi nina miaka thelathini na mbili. Toka nina ishirini kazi niliyoijua ni moja. Mkataba wangu ulipokwisha nilipewa mkono wa heri na saa ya ukutani. Sasa niko dukani, nauza rangi za nyumba. Watu wananiuliza krimu na rangi ya maziwa zina tofauti gani. Nawaambia sijui, kwa sababu sijui. Kule wameniuliza naweza kuanza kufundisha lini. Basi. Hilo neno tu, kufundisha. Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari nusu saa, siwezi kuendesha."

Ilinigusa. Sitasema haikunigusa. Alikuwa amesimama juani bila kofia, mishipa ya shingo imemtoka, na lile kovu la kuungua mkononi, alilolipata siku risasi ya mzinga ilipokwama, alikuwa analisugua kwa dole gumba bila kujijua. Mwanamke mwingine ndani yangu alitaka kwenda kuushika ule mkono. Nikamwambia akae.

"Ungenambia hivyohivyo, Harub. Hayahaya maneno, na haya macho. Ningelia, ningegomba, ningekwenda kwa Baba nikarudi. Kisha ningefungasha nikaja nawe, au ningebaki nikakungoja. Mimi sikukatazi kazi. Umenipa nafasi ya kukukataza? Umenipa nafasi ya kukuruhusu?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Ndiyo maana watu huuliza."

Dirishani mtu akasema "eh" kwa sauti ya chini, na sauti ile ilikuwa ya Bi Bakhita.

Nikazunguka nikahamia upande wake wa kushoto. Sikutaka asikie linalofuata, na upande ule ndio niliozoea kusemea mambo nisiyoweza kuyasema. Kwenye gari, Nouf akiwa mbele naye, mimi hukaa nyuma yake na kumnong'oneza kule kwenye sikio lililokufa. Maneno yote matamu niliyo nayo nimeyamimina kule, nikijua hayafiki.

"Nilikupenda kuliko nilivyokuonyesha," nikaliambia sikio lile. "Mjinga wewe."

"Na mimi," akasema Harub.

Nikaganda.

"Halijafa lote," akasema taratibu, hakugeuka. "Neno likiwa karibu sana, linasikia. Limesikia yote. Toka siku ya Idi."

"Toka Idi?"

"Ulisema una..."

"Usirudie. Usithubutu kurudia." Damu yote ilinipanda usoni. "Hata hilo ulinificha. Kuna nini kwako ambacho hujakificha, Harub? Una mke Salala? Jina lako ni lako?"

"Ningekwambia, ungeacha kusema."

"Na ningekuwa na haki ya kuacha."

Harub akainua mikono miwili, akaishusha, akapita mitungi ya gesi, akazunguka nyumba kwenda upande wa mbele. Nilidhani anafuata gari. Kumbe anakwenda kwa baba yangu.

---

Sebule ya wanaume na ya wanawake kwetu zinatenganishwa na mlango wa mbao ambao haujapata kufungika sawasawa. Tulipofika, mimi na jeshi langu lote la shangazi, Harub alikuwa amekwisha kuketi mbele ya baba yangu, Bwana Suud, na Baba alikuwa amekwisha kummiminia kahawa. Harub akaipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya goti lake.

"Kaweka," Shangazi Sayyida akanong'ona, jicho lake kwenye ufa. "Kaweka chini, jamani."

Kwetu mgeni mwenye haja hanywi kahawa ya nyumba mpaka haja yake isikilizwe. Mwenye nyumba akimwambia kunywa kahawa yako, basi aliloliomba kapewa, na haliwezi kurudishwa.

"Nakuona una neno," Baba akasema. Baba yangu ni mtu mpole wa sauti ndogo. Miaka arobaini alipiga chapa barua za watu wakubwa, akajifunza kusema machache.

"Nakuomba Alhamisi isiondolewe, Ami Suud. Nimekosa, nimekiri. Nakuomba tu siku ibaki siku."

Baba akaitazama finjani muda mrefu. Tukaitazama nasi, kwa zamu, kwenye ufa.

"Haja hiyo si yangu kuitoa," akasema. "Mwenyewe yuko nyuma ya mlango huo, pamoja na nusu ya mji. Ghadeer, ingia, mama."

Nikaufungua mlango. Nyuma yangu nikasikia mtu akijikwaa na mwingine akimzomea kwa mnong'ono. Nilikuwa nimelichukua daftari langu kutoka pajani kwa Bi Bakhita; sikujua kwa nini mpaka nilipolifungua.

"Mzungu huyu," nikasema, "kataja mizinga yake yote kwa majina. Kuna mmoja ulioitwa Simba, mmoja Kengele, mmoja Bibi Mnene. Kila mji aliopita, kaandika mizinga ya pale, uzito wake na jina lake. Mke wake wa Maskati kamwandika mara moja. Kaandika ‘mke wangu’, basi. Miezi minne nalitafuta jina la yule mwanamke. Nimegeuza kila ukurasa. Hakuliandika."

Harub alikuwa ananitazama sasa. Uso wote, masikio yote mawili.

"Mimi ni Ghadeer binti Suud. Sitakuwa mstari mmoja kwenye habari za mtu."

"Ghadeer."

"Sijamaliza. Wewe unapenda kutia saini. Vizuri, Alhamisi kutakuwa na karatasi nyingine, ya kadhi, na juu yake sharti langu litaandikwa kabla ya jina lako. Mume akitaka kwenda kumtumikia bwana yeyote nje ya nchi hii, atamuuliza mkewe kwanza. Akienda bila ridhaa yake, talaka iko mkononi mwa mke, hangoji mtu."

Baba alikohoa, lakini hakukataza.

"Basi nakuuliza sasa," Harub akasema. "Mbele ya baba yako. Niende?"

"Sasa? Wino wa kule umeshakauka, Harub. Hilo si swali, hiyo taarifa. Irudishe karatasi yao kwanza. Uwe huna lolote mkononi. Kisha njoo uniulize, na mimi niwe na uwezo wa kusema hapana. Pengine nitasema ndiyo. Hujui. Na mimi sijui. Hivyo ndivyo watu wanavyooana."

"Na nikirudisha, wasinichukue tena?"

"Basi utajifunza krimu na maziwa."

Alitabasamu kidogo sana, bila kutaka, na tabasamu lile lilinikata kuliko yote yaliyopita siku ile. Nikageuka kabla hajaniona, nikatoka, nikaufunga mlango kwa nguvu kiasi cha kuufanya, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba yetu, ufungike sawasawa.

Kwa hiyo hatukuona tena. Tulisikia tu. Sauti ya Baba, maneno mawili. Sauti ya Harub, zaidi ya mawili. Kisha viatu mlangoni, kisha gari, kisha barabara.

Baba akaingia. Kwenye kiganja chake cha kulia alikuwa amebeba ile finjani, imejaa mpaka juu, anatembea kama mtu aliyebeba yai.

"Hakunywa," akasema. "Nilimwambia anywe kama mgeni tu, kakataa. Kasema hajapata haki ya kuinywa. Anakwenda Buraimi sasa hivi, atafikia kwa rafiki yake, kesho kambi ikifunguliwa awe wa kwanza mlangoni na karatasi yao." Akaninyooshea finjani. "Kasema kahawa yake isimwagwe."

"Na asiporudi?" Mama akauliza.

Bi Bakhita ndiye aliyenyanyuka, akajifunga mtandio kiunoni kama mtu wa nyumba, akaelekea jikoni.

"Akirudi na ile karatasi bado mfukoni," akasema akiwa njiani, "mimi mwenyewe ntamfungia mlango wa Ghubra. Mchele uko wapi? Huu mlionunua hautoshi watu mia wa Alhamisi."

Macho yote yakanirudia mimi. Wanataka kujua waendelee kupima au wavue, wachemshe au wazime.

"Alhamisi upikwe," nikasema. "Akija, atakuta wino. Asipokuja, watu watakula."

Nikaipokea finjani kwa Baba. Ilikuwa imekwisha kupoa. Nikaifunika kwa kisahani, nikaiweka juu ya friji, mahali asipofika mtu mwenye haraka ya kuosha vyombo. Kisha nikarudi nikakaa chini palepale nilipokuwa, nikampa Shangazi Sayyida mkono wangu wa kulia amalizie bangili.